Je, wajua kwa nini nzi anaweza kuota miguu kichwani?

Wapo nzi wa matunda ambao, mahali pa vipapasio, wameota miguu miwili kichwani. Ni miguu hasa, yenye viungo vyake. Chanzo ni jeni moja, Antennapedia, iliyowaka mahali pasipo pake. Kwa kawaida jeni hiyo huziarifu seli za kifuani kwamba hapa ni kifua, hapa huota miguu. Ikiwaka kichwani, seli za kichwa nazo hutii.

Mwaka 1984, maabara ya Walter Gehring huko Basel, Uswisi, pamoja na Matthew Scott na Amy Weiner huko Marekani, walitangaza kwamba jeni hiyo na nyingine zinazopanga mwili wa nzi zina kipande kinachofanana, chenye herufi 180 za DNA. Kila herufi tatu huleta asidi amino moja, yaani tofali moja la kujengea protini, hivyo protini hupata kipande cha asidi amino 60. Kipande hicho huitwa homeodomeni.

Kilitafutwa kwa chura, kwa panya, kwa binadamu, na kote kikapatikana. Linganisha homeodomeni ya Antennapedia na ya HOXA7, jeni yetu sisi binadamu: zinatofautiana asidi amino moja tu kati ya 60! Na mhenga wetu wa pamoja na nzi aliishi zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita.

Mbona hakikubadilika? Sababu ni kazi yake. Homeodomeni hujikunja ikawa misokoto mitatu, na wa tatu hulala ndani ya mfuo wa DNA ukipapasa herufi, mara nyingi TAAT. Hapo protini hutua, kisha huwasha au kuzima jeni ya karibu. Asidi amino ya 51, asparajini, hushika herufi A, na karibu kila homeodomeni inayo. Homeodomeni ikiharibika, si jeni moja tu inayokosa amri. Hukosa zote zinazosimamiwa na protini hiyo, na mara nyingi kiinitete hufa kabla ya kurithisha kasoro. Nje ya zile 60, protini hizi zimebadilika sana.

Linalonistaajabisha zaidi ni hili: mahindi yanayo homeodomeni, katika jeni KNOTTED1 inayohusika na ukuaji wa shina na majani. Hata hamira, kiumbe cha seli moja, huitumia kuamua jinsia yake ya kujamiiana. Kipande hiki kilikuwepo kabla hakijakuwepo kichwa wala kifua cha kupangwa.