Je, wajua kwa nini moshi huyatonesha mapafu yenye uvimbe wa muda mrefu?

Watu wawili wanapita barabara moja, saa ileile, nyuma ya lori linalotoa moshi mweusi. Mmoja anaziba pua, anakohoa mara mbili, anaendelea na safari. Mwingine, mwenye pumu au ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, huenda akakesha usiku huo akihema na kesho yake akapelekwa kwa daktari. Wengi humwambia huyu wa pili kwamba ana mapafu dhaifu. Naona maneno hayo yanamwonea. Mapafu yake hupokea moshi mwingi kuliko ya mwenzake, na huujibu kwa namna nyingine kabisa.

Uvimbe ninaouzungumzia si donge. Ni kuta za njia za hewa kuwa nyekundu, kutuna na kujaa seli nyeupe za damu, kama ngozi iliyo kando ya kidonda. Kwa mtu mwenye afya, hali hiyo huja na mafua makali kisha hupoa. Kwa mgonjwa wa muda mrefu haipoi, hata siku ambazo anajisikia vizuri na haonyeshi dalili yoyote. Kwa hiyo moshi ukiingia haukuti sehemu nzima. Unatonesha.

Chembe zinazoumiza zaidi ni zile zenye kipenyo cha maikromita 2.5 au pungufu. Unywele wa kichwani una unene wa takriban maikromita 70, kwa hiyo zingehitajika karibu chembe 28 zilizopangwa mstari mmoja kuufikia unene huo. Vumbi kubwa hunaswa puani na kooni, lakini chembe hizi huteremka hadi kwenye vifuko vya hewa. Njia za hewa zina vinyweleo visivyoonekana kwa macho, ambavyo usiku na mchana husukuma ute uliobeba uchafu kwenda juu kooni. Kwa mgonjwa vinyweleo hivyo mara nyingi vimeharibika, na ute ni mwingi na mzito, hivyo uchafu hukawia ndani. Isitoshe, sehemu nyingine za mapafu yake zimeziba na hazipati hewa ya kutosha, basi zilizo wazi hubeba mzigo wote. Chembe zinazobaki zikipimwa, huonekana kuwa nyingi zaidi katika mapafu yaliyoziba kuliko katika mapafu mazima. Kipimo cha hewa kilichotundikwa mtaani kitaonyesha namba moja kwa wote wawili, lakini kilichobaki vifuani mwao hakilingani.

Kinachofuata ndicho hasa kinachoumiza, na hutoka mwilini mwenyewe. Kuna seli ambazo kazi yake ni kumeza kila kigeni kinachoingia. Zikimeza masizi hushindwa kuyameng'enya, zikatoa kemikali za kuita msaada. Wanaoitikia kwa wingi ni seli nyeupe ziitwazo neutrofili, ambazo humwaga vimeng'enya na kemikali kali za kuulia bakteria. Lakini hapa hakuna bakteria wa kuua. Kemikali hizo hula nyama ya pafu lenyewe, zikiwemo nyuzi zinazofanya vifuko vya hewa vinywee baada ya kutanuka. Nyuzi hizo zikishakatika hazirudi kama zilivyokuwa. Katika mapafu mazima neutrofili ni chache na vurugu hutulia mapema. Katika mapafu yaliyovimba tayari zilikuwapo, na kinga ya kupoza kemikali hizo ilikwisha kupungua. Gesi nazo zina mchango wao: ozoni na naitrojeni dioksaidi hulegeza maungio ya seli za ukutani, na kwa mwenye pumu chavua ya maua hupenya kwa urahisi zaidi.

Zaidi ya hayo kuna hesabu isiyo na huruma. Mrija ukipungua upana hadi nusu, ugumu wa kupitisha hewa hauongezeki mara 2 tu. Hewa ikipita kwa utulivu, huongezeka mara 16. Ndiyo maana uvimbe kidogo tu, ukiongezwa kwenye njia iliyokwisha kuwa nyembamba, hutosha kukifanya kifua kilie mluzi.

Jijini London watafiti waliwatembeza watu wenye miaka 60 na zaidi kwa saa 2, mara moja Oxford Street penye mabasi na teksi za dizeli, na mara nyingine katika bustani ya Hyde Park. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2018. Wenye ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa walikohoa, walitoa makohozi na kuishiwa pumzi zaidi walipotembea Oxford Street. Ni matembezi yaleyale ambayo daktari angewashauri kwa ajili ya afya!

Mfano unaonigusa zaidi ni wa Bonde la Utah, Marekani. Kiwanda cha chuma cha huko kilifungwa kuanzia Agosti 1986 hadi Septemba 1987 kwa sababu ya mgogoro wa kazi. Kiwanda kilipokuwa kikifanya kazi, watoto wadogo walilazwa kwa pumu na mkamba takriban mara 2 zaidi ya kipindi kilipofungwa. Miaka mingi baadaye wanasayansi walichukua vumbi lililohifadhiwa kwenye vichujio vya kupimia hewa vya nyakati hizo na kuingiza kiasi kidogo cha dondoo lake katika mapafu ya watu wazima waliojitolea. Vumbi la wakati kiwanda kikifanya kazi ndilo lililoleta uvimbe zaidi.

Mgonjwa anapaswa kujua pia kwamba uvimbe huchukua muda kujengeka. Moshi wa Jumatatu unaweza kumlaza Jumatano, naye akalaumu baridi au chakula. Ukiwa na pumu na umepewa dawa ya kuvuta ya kutuliza uvimbe, ivute kila siku kama ulivyoelekezwa, hata siku ambazo kifua ni chepesi. Siku hizo ndizo unazoweza kuupunguza uvimbe kabla moshi mwingine haujafika.