Mbwa Akiuma Mtu: Maswali na Majibu Kuhusu Kichaa cha Mbwa na Wajibu wa Mwenye Mbwa

Kila tunapochanja mbwa, watu hupanga foleni chini ya mwembe, kila mmoja na mbwa wake kwa kamba ya katani, na maswali huanza kabla sindano haijafunguliwa. Mengi hayahusu mbwa aliyeletwa. Yanahusu mbwa wa jirani, yule asiyefungwa. Nimekusanya hapa yanayorudi mara kwa mara na kuyajibu kwa kufuata sheria za Tanzania. Kenya nimeigusa panapohusika.

Mwanangu kaumwa na mbwa wa jirani sasa hivi. Nianzie wapi: polisi, hospitali au kwa jirani mwenyewe?

Anzia bombani. Osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, na uzihesabu kwa saa. Mtoto akiwa analia, dakika tano tu huonekana kama nusu saa, na wazazi wengi huacha hapo. Kipande cha sabuni ya kufulia kinatosha. Kirusi cha kichaa cha mbwa kimefunikwa na utando wa mafuta, na sabuni huuvunja utando huo, kwa hiyo kuosha ni sehemu ya tiba kamili. Kama ipo spiriti au iodini, malizia nayo.

Usipake majivu, mafuta ya taa, pilipili wala dawa ya meno. Nimewahi kumwona mtoto aliyeletwa zahanati na jeraha la pajani lililojazwa majivu hadi likafanana na udongo mkavu. Muuguzi alitumia muda mrefu kuyaondoa kwanza, mtoto akipiga kelele, ndipo uoshaji wenyewe ukaanza. Aliyempaka alikuwa bibi yake, na alifanya hivyo kwa mapenzi. Simlaumu bibi. Hakuna aliyekuwa amemweleza.

Kwa ndugu zangu wa pwani, tunajua mate ya mbwa ni najisi na tunajua kuosha mara saba, mara moja kwa mchanga. Tafadhali, mchanga usiingie kwenye jeraha lililo wazi. Sabuni na maji kwanza, kisha hospitali. Suala la twahara, yaani usafi wa kidini, muulize shekhe wako mtoto akishatibiwa.

Ukishaosha, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Wakati wewe uko njiani, mtu mwingine wa nyumbani aende kwa jirani kuulizia kadi ya chanjo ya mbwa, na ataarifu polisi na afisa mifugo wa kata. Fomu ya polisi, PF3, itakusaidia ukitaka kudai haki, lakini mtoto asikae kituoni akisubiri kujaziwa fomu huku jeraha likiwa halijaguswa.

Mbwa mwenyewe anaonekana mzima, anakula na kutikisa mkia. Kuna haja gani ya sindano?

Mbwa huweza kutoa kirusi kwenye mate siku chache kabla hajaonyesha dalili yoyote. Ndiyo maana mhudumu huangalia jeraha lenyewe. Kulambwa kwenye ngozi nzima isiyo na mchubuko hakuhitaji sindano. Mchubuko mdogo usiotoa damu unahitaji chanjo. Jino likitoboa ngozi, au mate yakiingia kwenye jeraha, mdomoni au machoni, inatakiwa chanjo pamoja na imunoglobulini, yaani kingamwili zilizo tayari, zinazochomwa ndani na pembeni mwa jeraha. Kama imunoglobulini haipatikani hapo ulipo, chanjo ianze vivyo hivyo.

Mbwa asiuawe. Afungwe mahali salama, apewe maji na chakula, aangaliwe siku 10. Akimaliza siku hizo akiwa hai na mzima, hakuwa akitoa kirusi siku alipouma, na daktari anaweza kusimamisha sindano zilizobaki. Ukimpiga mawe akafa umejinyima jibu hilo, ingawa bado afisa mifugo anaweza kupeleka kichwa chake maabara. Kosa kubwa ninaloliona ni watu kungoja siku 10 ziishe ndipo waanze sindano. Sindano huanza siku ya kwanza, na mbwa huangaliwa wakati huo huo.

Ratiba hutofautiana kati ya hospitali na hospitali. Tangu 2018 Shirika la Afya Duniani limeidhinisha ratiba fupi ya kuchoma ndani ya ngozi, sehemu mbili kila mara, siku ya 0 (yaani ya sindano ya kwanza), ya 3 na ya 7. Ya msulini hudumu wiki kadhaa. Fuata uliyopewa mpaka mwisho, isipokuwa daktari mwenyewe akuambie uache. Zile sindano za tumboni ambazo wazee husimulia zilikuwa za chanjo ya zamani. Ya sasa huchomwa mkononi, na kwa watoto wadogo pajani. Mama mjamzito na anayenyonyesha nao huchomwa.

Dalili zikianza, kuna dawa?

Hakuna. Mgonjwa akishaanza kuogopa maji, au kushtuka kwa upepo wa feni, kwa kawaida hufa ndani ya siku chache. Dalili huchukua miezi miwili au mitatu kutokea, wakati mwingine wiki moja, wakati mwingine hata mwaka, na kidonda kinakuwa kilishapona na kusahaulika. Dunia nzima hupoteza watu wapatao 59,000 kila mwaka kwa makadirio, karibu wote kutokana na mbwa, na takriban 4 kati ya kila 10 ni watoto walio chini ya miaka 15. Mtoto ni mfupi. Meno humfikia usoni na kichwani, karibu na ubongo, na huko kirusi kina safari fupi.

Nimeweka kibao cha "Mbwa Mkali" getini. Mtu akiingia akaumwa, si makosa yake?

Swali hili huniuma, kwa sababu wengi wanaoliuliza wanaamini kweli kwamba kibao kimewamalizia kazi. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, kifungu cha 233, inamtia hatiani mtu ambaye kwa uzembe unaoweza kuhatarisha maisha au kumdhuru mwingine hachukui tahadhari dhidi ya hatari inayoweza kutokana na mnyama aliye mikononi mwake. Kenya ina maneno kama hayo kwenye kifungu cha 243 cha Kanuni yake. Hilo ni kosa la jinai. Mbali na hilo, aliyeumwa anaweza kufungua madai ya fidia: nauli, matibabu, siku alizokosa kazi, maumivu.

Sasa fikiria kibao chako mbele ya hakimu. Katika madai ya namna hii, jambo linalopiganiwa sana ni kama mwenye mbwa alijua kwamba mbwa wake ana tabia ya kuuma. Umeandika mwenyewe, kwa rangi nyekundu, ukapigilia misumari. Kibao kinaweza kusaidia dhidi ya mwizi aliyeruka ukuta usiku. Kwa mtoto aliyefuata mpira, msoma mita, au mgeni aliyegonga geti lisilo na komeo, kinaweza kuwa shahidi dhidi yako. Komeo, uzio usio na tundu na mnyororo vinakulinda zaidi.

Sheria ndogo za halmashauri zinasemaje?

Kila halmashauri ina zake. Sheria za Serikali za Mitaa, Sura ya 287 kwa wilaya na Sura ya 288 kwa miji, zinaipa halmashauri mamlaka ya kutunga sheria ndogo, na zikishachapishwa katika Gazeti la Serikali zina nguvu kama sheria nyingine. Usikisie. Nenda kwa mtendaji wa kata uulize kama mbwa anatakiwa kusajiliwa, kama kuna ada, kuna faini gani kwa mbwa anayezurura. Kenya, Katiba ya 2010 katika Jedwali la Nne imezikabidhi kaunti udhibiti na ustawi wa wanyama, utoaji wa leseni za mbwa ukiwemo, kwa hiyo huko ulizia ofisi ya mifugo ya kaunti yako.

Uingereza wamepiga marufuku aina fulani za mbwa. Kwetu je?

Ni kweli, sheria yao ya 1991 inazitaja aina kwa majina, na XL Bully aliongezwa mwishoni mwa 2023. Kifungu chetu cha 233 hakitaji aina yoyote. Kinamtazama mwenye mbwa na alichofanya. Binafsi naona hapo kimekaa sawa, kwa sababu majeraha ninayoyaona hayatokani na mbwa wa gharama kutoka nje. Yanatokana na mbwa wa kawaida, wa kienyeji, ambaye geti liliachwa wazi.

Basi nimfunge mnyororo mchana kutwa?

Hapana. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 inakutaka umtunze: maji, chakula, kivuli, tiba. Na mbwa anayekaa amefungwa bila kutembezwa huwa na woga, na woga huo humfanya aume. Mjengee banda, mfungulie uzio ukiwa umefungwa, mtembeze kwa kamba. Wafundishe watoto wasimsogelee mbwa anayekula au mwenye vichanga, na wakikutana na asiyemjua wasimame wima bila kukimbia.

Kwa nini mbwa koko wote wasiuawe, tukapumzika?

Kwa sababu ukiua waliopo, wengine huhamia au huzaliwa haraka kuziba nafasi, nao hawana chanjo. Kinachokata mnyororo wa ugonjwa ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa. Pemba ni mfano wa karibu. Kampeni za chanjo zilizoanza 2010 ziliupunguza ugonjwa hadi ukapotea. Chanjo ilipolegea ukaingia tena 2016, na mbwa walipochanjwa upya ukatokomezwa. Mbwa huchanjwa akiwa na miezi mitatu na kurudia kila mwaka, ingawa kwenye kampeni tunachanja hata wadogo kuliko hapo. Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani ni Septemba 28, na halmashauri nyingi huchanja karibu na tarehe hiyo.

Jirani kagoma kuonyesha kadi ya chanjo, anasema mbwa wake hajawahi kumuuma mtu. Nifanyeje?

Mhesabu mbwa huyo kuwa hajachanjwa, na mwambie mhudumu hivyo hivyo. Usipoteze hata nusu siku ukibishana getini. Kadi isiyoonekana haimkingi mwanao, na hata ikiwepo, aamuaye kuhusu sindano ni mhudumu wa afya, si jirani. Piga picha ya jeraha, tunza risiti zote, andika tarehe na saa. Siku ya pili, sindano ya kwanza ikiwa imeshaingia, nenda kwa mwenyekiti wa mtaa pamoja na afisa mifugo ili mbwa awekwe chini ya uangalizi kwa siku zilizobaki. Jirani akikataa hata mbele yao, rudi polisi na zile karatasi.