Mtoto anaruka sindano ya sukari? Hajarogwa, na kumfokea hakusaidii

Tarehe 14 Novemba inakuja, siku ya kisukari duniani, na kila mwaka wiki hiyo tunahubiri mboga za majani na mazoezi mpaka watu wanasinzia kwenye mabenchi. Safari hii niongelee kingine manake sanduku la maoni la kliniki yetu hapa Kigoma limejaa, na karatasi nyingi ni za vijana wa kisukari cha aina ya kwanza, ile ambayo mwili hautengenezi insulini, wa Mwanga, wa Ujiji, mpaka wale wa vijiji vya ziwani wanaokuja na boti. Wanalalamika kitu kimoja, kilo zao zinasomwa kwa sauti kwenye foleni. Wazazi nao wana lao, mtoto mkaidi, haambiliki, anaruka sindano, huyu karogwa.

Jamani, hajarogwa.

Mtu wa aina ya kwanza akikosa insulini mwili unaanza kujila wenyewe, mafuta na misuli, anakonda. Kijana hili analijua kabla yenu, kwa sababu alipougua mara ya kwanza alikonda na majirani wakamwambia umependeza, alafu kaanza sindano mwili umerudi wanamwita kibonge, sasa hapo unategemea achague nini? Anaingia chumbani na kichupa cha insulini, anatoka nacho vile vile. Daftari lake la vipimo vya sukari ukilifungua limejaa 6, 7, 6, 7, mwandiko mmoja, kalamu moja, kakaa usiku mmoja kajaza mwezi mzima. Kipimo cha wastani wa sukari ya miezi mitatu ndio kinamuumbua, na hapo mzazi anamchapa mbele yangu. Ukimchapa, mwezi ujao atakuja na kalamu mbili.

Akianza kutapika, tumbo linauma, anahema kwa nguvu kama katoka kukimbia na pumzi inanuka tunda lililoiva kupita kiasi, hiyo damu imejaa tindikali, ni hospitali saa hiyo hiyo, sio kesho akimaliza mseto wa malaria, sio baada ya maombi. Ombeni, mimi siwakatazi, ila ombeni mkiwa njiani. Kabla ya Januari 1922, kijana Leonard Thompson alipochomwa insulini ya kwanza kule Toronto, ugonjwa huu ulikuwa unaua tu, na tiba ya madaktari ilikuwa kumnyima mgonjwa chakula ili asogeze siku. Leo dawa ipo na bado tunanyima. Usile ugali, usile ndizi, embe hata usiliguse, mpaka sahani ya mtoto inakuwa kesi ya ukoo mzima. Ugali wa muhogo na mgebuka anakula, tunapanga kiasi na sindano, basi.

Na sio wote wanaoruka sindano au kujinyima chakula wanataka shepu, hapa ndio naomba utulivu. Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kuna watu toka 1996, Warundi wengi wakaongezeka 2015, mtu aliyekimbia usiku bila kitu anaweza kuficha mkate chini ya godoro hata akiwa kashiba, au anakula haraka haraka mpaka anatapika, huo sio ulafi. Kuna aliyeguswa vibaya na mtu mzima akiwa mdogo, anataka mwili upungue usionekane. Kuna ambaye mmemzaa binti ila mwenyewe hajioni hivyo, anajinyima ili kifua kisitokee na hedhi ikate, na kuna kijana wa kiume anaitwa majina barabarani kwa anavyotembea, akifika nyumbani hali. Najua wengine mmeshakunja uso. Sheria za nchi zipo na sio mimi wa kuzijadili hapa, kwenye kliniki naangalia sukari na kama huyu mtu atakuwa hai mwezi ujao.

Mkigundua siku nyingi hajala, msimwekee sinia la wali kwa furaha. Mwili uliokaa na njaa ukishindiliwa ghafla chumvichumvi za damu zinashuka na moyo unaweza kusimama, yaliwakuta wafungwa waliookolewa baada ya vita kuu ya pili. Mleteni, tunaanza kidogo kidogo. Vile vile aliyerudia sindano anaweza kuvimba wiki za mwanzo, ni maji, yanapungua, mwambieni mapema asije akatishika akaacha tena.

Sasa siri. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inahesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Mhudumu akitoa yako nje, hata kwa kuiweka status, unaandika barua: tarehe, saa, kituo, maneno uliyoyasikia kama yalivyo, nani alikuwepo. Peleka kwa mganga mfawidhi nakala mbili, moja igongwe muhuri urudi nayo, usikubali kuambiwa "tumekusikia" ukaondoka mikono mitupu. Ukikwama unaenda Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Adhabu kwa mtu binafsi ni faini kuanzia laki moja mpaka milioni 20, au jela isiyozidi miaka 10, au vyote viwili, na kampuni inaanzia milioni moja mpaka bilioni 5. Nakala yenye muhuri msiipoteze, nalirudia kwa sababu wanaipoteza.

Wazazi, swali ni "juzi ulichoma yuniti ngapi, na siku uliyoruka kulikuwa na nini," alafu mnakaa kimya mnasikiliza. "Kwa nini hunisikii" sio swali. Akitaka kuongea na mimi peke yake mnatoka nje, na afisa ustawi wa jamii yupo siku za kliniki kwa yale yasiyo ya sindano.

Mzani tumeshauhamishia ndani, mlango unafungwa. Asiyetaka kuona kilo zake asimame amegeukia ukutani, tunaandika sisi. Na mama zangu mnaosubiri kwenye benchi, akitoka msimuulize ni ngapi.