Bia yako haina blanketi

Wanaotengeneza bia nyumbani, wakiihamisha kutoka chombo ilimochachukia kwenda kingine, huambiana: "Usiwe na wasiwasi, bia imefunikwa na blanketi la kaboni dayoksaidi." Anayesema hivi mara nyingi ndiye huyo huyo anayeuliza kwa nini bia yake ina ladha ya karatasi iliyolowa.

Blanketi hilo halipo! Kaboni dayoksaidi, gesi inayotolewa na hamira bia ikichachuka, ni nzito kuliko hewa, kweli, lakini gesi hazikai kwa matabaka kama mafuta juu ya maji. Zinachanganyika. Ukifunua chombo, hewa imeshaingia. Na chombo unachohamishia hakijachachusha chochote, kwa hiyo kimejaa hewa: kikiwa cha lita 20, ndani yake mna zaidi ya lita 4 za oksijeni. Bia ikidondokea humo toka juu huinywa yote inayoweza. Harufu ya hopsi (maua yanayoipa bia uchungu na harufu) hufifia, rangi hugeuka kahawia, na bakteria wa siki, ambao hawafanyi kazi bila oksijeni, wanapata nafasi.

Mwenye mtungi wa kaboni dayoksaidi ajaze chombo kipya hadi mdomoni maji yenye dawa ya kuulia vijidudu, kisha ayasukume nje kwa gesi pasipo kufungua kifuniko. Asiye na mtungi ahakikishe ncha ya mpira wa kupitishia bia inagusa kitako cha chombo, bia ipande taratibu kutoka chini hadi karibu na kizibo. Ukiona viputo vikipita mfululizo ndani ya mpira, huenda kuna kiungo kimelegea na kinavuta hewa. Kibane kabla ya kuendelea.

Wapo wanaojitetea kwamba mwanzoni waliambiwa watikise chombo. Mwanzoni, ndiyo: hamira changa inahitaji oksijeni ili izaliane. Uchachukaji ukishaanza, basi.

Kuvuta mpira kwa mdomo ili bia ianze kutiririka? Mdomo umejaa bakteria wa asidi laktiki. Jaza mpira maji safi yenye dawa, ziba ncha, uanzie hapo.

Eti kilevi kinatosha kulinda bia. Asilimia 5 haiwazuii bakteria hao wala hamira mwitu.

Dawa nayo haipenyi uchafu. Sugua kwanza, suuza, ndipo utie dawa. Mpira wenye utando au mikwaruzo utupe.

Halafu kuna wanaoamini ni lazima kuhamisha. Kwa bia nyingi za kawaida si lazima hata kidogo: ziache juu ya hamira yake wiki 2 au 3, kipimo cha uzito wa bia (kinachoonyesha sukari iliyobaki) kisipobadilika kwa siku 3, peleka moja kwa moja kwenye chupa.