Dawa ya kutapika na maumivu ya mshono: dhana potofu na ukweli

Dhana: Dawa ya kuzuia kutapika ni ya tumbo tu, haihusiani na maumivu.

Ukweli: Inayotumika sana baada ya upasuaji ni ondansetroni. Huzuia kichefuchefu kwa kuziba vipokezi (milango ya kupokea ujumbe) vya serotonini, kemikali inayobeba ujumbe mwilini, tumboni na kwenye ubongo. Lakini vipokezi vya aina hiyo vipo pia kwenye uti wa mgongo, na huko serotonini husaidia kuyapunguza maumivu kabla hayajafika kichwani. Tramadoli, dawa ya maumivu wanayopewa wengi wakitoka chumba cha upasuaji, hufanya sehemu ya kazi yake kwa kuongeza serotonini hiyo hiyo. Basi dawa moja inaongeza, nyingine inaziba mlango. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulionesha kuwa waliopewa ondansetroni pamoja na tramadoli walihitaji tramadoli nyingi zaidi kuliko wasiopewa, na wakatapika zaidi, kwa kuwa tramadoli yenyewe hutapisha.

Dhana: Kama ni hivyo, bora kuikataa.

Hapana, tafadhali. Bila kinga, takriban watu 3 kati ya 10 hutapika baada ya upasuaji, hasa wanawake, wasiovuta sigara na wanaotapika safarini. Kutapika hukaza tumbo na kuvuta mshono, na kidonge cha maumivu ulichomeza kinaweza kutoka kabla hakijafanya kazi. La kufanya ni kuchagua vizuri dawa zinazokwenda pamoja.

Dhana: Dawa zote za kutapika ni sawa.

Deksamethasoni hupunguza kichefuchefu na, kwa kiasi fulani, maumivu pia. Hupandisha sukari, hivyo mwenye kisukari aseme mapema. Metoklopramidi huharakisha tumbo kumwaga kilichomo, na parasetamoli ya kumeza huingia kwenye damu upesi. Morfini, ambayo ni dawa ya maumivu, nayo hupita njia nyingine, haitegemei serotonini kama tramadoli.

Dhana: Ondansetroni huiua kabisa nguvu ya parasetamoli.

Kwa watu wenye afya waliojitolea kwa majaribio, dawa za kundi la ondansetroni zilipunguza nguvu ya parasetamoli. Kwa wagonjwa waliopasuliwa, matokeo hayajakubaliana. Usiache parasetamoli kwa sababu hiyo.

Dhana: Anayelalamika baada ya kuchomwa sindano ya maumivu anadeka.

Hii ndiyo inayoniuma zaidi, kwani mama aliyetoka kujifungua kwa upasuaji huambiwa avumilie wakati huenda dawa zake zinapingana. Mwambie muuguzi au daktari wa usingizi: «Maumivu hayajapungua. Nimepewa dawa gani ya kutapika, na ipi ya maumivu?» Wanaweza kubadilisha mojawapo. Usijiongezee tramadoli uliyoletewa kutoka nyumbani. Ikizidi huleta degedege na kudhoofisha pumzi.