Je, wajua kwa nini jiji la Perth halina mbunge wake peke yake?

Hatusemi Perth ya Australia, bali ile ya Uskoti, kando ya Mto Tay, ambayo wenzao wa Australia waliazima jina lake. Wafalme wa Uskoti walitawazwa Scone, hatua chache kaskazini mwa mji huu. Jiwe lao la kutawazia, ambalo Edward I wa Uingereza alilibeba mwaka 1296, tangu Machi 2024 limewekwa katika makumbusho ya Perth.

Pamoja na heshima yote hiyo, jiji linagawana mbunge anayekwenda London na wakulima wa mashambani. Hadhi ya kuwa jiji haina uzito hapa. Hadhi hiyo hutolewa na mfalme au malkia: Perth iliipoteza katika mageuzi ya serikali za mitaa ya 1975, Elizabeth II akairudisha 2012. Haileti kiti bungeni.

Kinacholeta kiti ni daftari la wapigakura. Katika mapitio ya mipaka yaliyokamilika 2023, ukiacha majimbo matano ya visiwani yenye kanuni zake, wastani ulikuwa wapigakura 73,393 kwa jimbo. Kupungua au kuzidi kuliruhusiwa kwa asilimia 5 tu, yaani kati ya 69,724 na 77,062. Perth nzima ina wakazi kama 47,000, tena hapo umeshahesabu na watoto wachanga. Haifiki.

Basi pengo huzibwa kwa kata za jirani. Jimbo la sasa, Perth and Kinross-shire, limeunganisha jiji na Crieff, Auchterarder na Kinross, mji ulio kando ya ziwa Loch Leven, ambako Malkia Mary wa Uskoti alifungwa kisiwani mwaka 1567. Blairgowrie, maarufu kwa mashamba ya rasiberi, ilikuwa ikipiga kura pamoja na Perth. Mapitio hayo yakaihamishia Angus and Perthshire Glens. Mtu hajahama nyumba, ila mbunge wake kabadilika.

Kuhamisha kata moja si jambo dogo. Mwaka 2017, jimbo likiitwa bado Perth and North Perthshire, Pete Wishart wa SNP, chama cha kitaifa cha Uskoti, alipata kura 21,804 na mpinzani wake wa chama cha Conservative 21,783. Tofauti ni kura 21, ambazo mtaa mmoja tu ungeweza kuzifuta.