Kiini cha seli: je, tulikipata kwa virusi?

Ukichomeka upondo kwenye tope la mafunjo hapa ufukweni Mwanza, mapovu yanapanda. Mzee anayenivusha nikienda kuchota sampuli husema, "Mwanangu, ziwa linacheua." Mapovu hayo yana methani, na wanaoitengeneza ni arkea, viumbe wa seli moja ambao kwa hadubini utawadhani bakteria. Mwaka 1977 wanasayansi Carl Woese na George Fox walionyesha kuwa ni ukoo mwingine kabisa.

Ukoo huu naupenda kwa sababu unatuhusu. Mwaka 2015 ilitangazwa DNA ya arkea wapya kutoka tope la kina cha bahari, kati ya Greenland na Norwei. Wao na jamaa zao leo wanaitwa Asgard. Wana jeni tulizodhani zimo katika seli changamano tu, kama zetu. Inaelekea babu yetu alitoka kwao, akaishi na bakteria aliyegeuka mitokondria, sehemu inayoipa seli nishati. Sawa, na kiini je, chumba kinachotunza DNA ya seli?

Mwaka 2001 mwanasayansi Philip Bell alipendekeza kwamba kirusi kikubwa cha DNA kiliingia ndani ya arkea, hakikumuua, kikalowea humo na mwishowe kikageuka kiini.

Nilidhani ni ndoto mpaka 2017, zilipotoka picha za kirusi kinachoshambulia bakteria aina ya Pseudomonas. Kikishaingia, kinajijengea gamba la protini katikati ya seli. DNA yake inanakiliwa ndani ya gamba. Ribosomu, zinazounda protini, zinabaki nje. Ni mgawanyo uleule wa kazi uliopo kwenye kiini. Lakini gamba lile ni la protini, ilhali kiini chetu kimefungwa kwa utando wa mafuta, kwa hiyo bado sijashawishika.

Na virusi vya Asgard wenyewe? Arkea wengi hukata kipande cha DNA ya kirusi na kukitunza ndani ya DNA yao, kama mwenye duka anavyoandika wadeni sugu daftarini. Watafiti walisoma daftari hilo, wakalinganisha na DNA iliyozagaa topeni, na mwaka 2022 wakavitangaza virusi hivyo. Baadhi vina jeni za umbo kama za virusi vya bakteria, lakini zile za kunakili DNA zinafanana na za virusi vikubwa vya seli changamano!

Kuvijaribu maabara kunahitaji Asgard walio hai, na kuwafuga ni kazi ya subira. Asgard wa kwanza kufugwa, huko Japani, alichukua miaka 12, na hugawanyika kila siku 14 hadi 25.

Mimi nimeanza na hawa wetu wa methani. Chupa za tope nimeziziba zisipate hewa, ziko gizani kabatini. Nataka kusoma daftari lao.